Kware wa Mwalimu wa Kwaya

Watu wengi walioimba chini yake hawakuwahi kumsikia akiimba. Mtu ambaye hakumjua haamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifundisha kwaya ya usharika wetu kule Masama tangu mimi sijazaliwa mpaka nywele zake zikaisha kichwani, akafundisha sauti zote nne, na kila sauti aliipiga kwanza kwenye kinanda, kisha akakutazama wewe. Ukimwomba aimbe walau mstari mmoja upate mfano, alijibu, "Kinanda kimeshaimba. Mimi nimekaa hapa kusikiliza." Basi, hukumwomba tena.

Na alikuwa na kidole. Mtu akishusha sauti, Mwalimu hakusimamisha wimbo wala hakukunja uso. Alinyoosha kidole cha shahada kuelekea darini, akakiacha hapohapo mpaka mwenye kosa ajitambue na kupanda. Shida ni kwamba kila mmoja wetu alidhani ameonyeshwa yeye, kwa hiyo tulipanda wote na wimbo ukaishia karibu na mbinguni. Niliimba alto pale tangu kipaimara mpaka nilipoolewa. Hata leo mteja akinyoosha kidole kunionyesha gunia la juu, shingo yangu inanyooka yenyewe.

Duka langu liko Pasua, mjini Moshi. Nauza chakula cha mifugo: pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa wa kusaga, chokaa, na zile poda nyeupe za kwenye ndoo ambazo wafugaji wengi huniuliza ni za nini, nikiwaeleza wanasema hawana haja nazo. Mwalimu alikuwa na haja nazo. Alishuka na basi kutoka Masama, koti la Jumapili mwilini, kofia mkononi, akaingia dukani kwangu kana kwamba anaingia mazoezini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Methionini ni ile ile ya juzi au umeleta nyingine?"

Hata habari za nyumbani hazijaulizwa. Nikifungua ndoo, anachota kidogo kwenye kiganja, ananusa. Methionini ya kweli ina harufu ya kabichi iliyoanza kuoza, na yeye alikuwa ameshaambiwa hivyo, basi alinusa kila mara mbele ya wateja wengine, macho ameyafumba. Mara moja alinusa, akanusa tena, akanirudishia. "Hii haisemi kitu." Nilikasirika, maana mimi siuzi uongo dukani kwangu. Nikainusa mwenyewe. Haikusema kitu kweli. Nikamrudishia aliyeniuzia, tukagombana naye vizuri tu.

Kware hawakuwa wake, walikuwa wa mkewe. Mama Mwalimu aliwaanza ule mwaka watu walipochanganyikiwa na mayai ya kware. Mtakumbuka. Yalikuwa yanatibu presha, yanatibu sukari, yanarudisha ujana, na kila kihamba kule juu kilikuwa na kizimba cha kware katikati ya migomba na kahawa. Kisha soko likafa ghafla kama lilivyoanza. Wengine wakawatia supu, wengine wakafungua tu milango ya vizimba waende zao. Mama Mwalimu akabaki na wa kwake kwa sababu alipenda sauti ya madume. Dume la kware ni dogo kuliko ngumi, lakini likilia linasikika mpaka kwa jirani: *ko-krriii*, la mwisho limepinda kwenda juu.

Halafu Mama akapata kiharusi. Kilimpoozesha upande wa kulia na kumwondolea maneno yote, yeye aliyekuwa alto nzito kuliko sisi wote pamoja. Wanawe walimletea redio, wakamletea runinga pana kama mlango, akageuza uso. Alichotaka ni kukaa kibarazani asubuhi, amefunikwa kitenge, akitazama migomba. Dume likilia huko nyuma ya nyumba, nusu ya mdomo wake inayofanya kazi ilitabasamu. Kitu kingine hakikuweza kumtoa lile tabasamu, na Mwalimu alijaribu vingi.

Kwa hiyo kazi ya uzee wake ikawa hiyo, kuhakikisha sauti ile haikatiki. Si kazi ndogo. Kware haishi sana, miaka miwili, mitatu akibahatika, na wale wa kufugwa wamesahau hata kuatamia. Lazima wazazi wapate chakula cha kuwawezesha kutaga mayai yenye uhai, mayai yaende kwenye mashine ya kutotolesha, vifaranga watoke na nguvu, madume mapya yaanze kulia kabla ya ya zamani kwisha. Kizazi kimoja kikiruka, kibaraza kinanyamaza. Hakuwahi kuniambia hivyo kwa maneno hayo. Alisema tu, "Hawa ni wa kuzaa, mwanangu, si wa kukaanga. Usinipimie kwa macho."

Habari ya asidi amino aliipata kwenye semina ya wafugaji, ukumbi wa usharika. Afisa mifugo wetu, dada mmoja mpole mwenye sauti ndogo, alieleza kwamba protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa vipande vinavyoitwa asidi amino, na baadhi yake ndege hawezi kujitengenezea mwilini, lazima avipate kwenye chakula. Kimoja kikipungua, vilivyobaki havifanyi kazi yake, hata uvijaze namna gani. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka sampuli za duka. Watu walishaanza kutazama mlango wa jikoni kunakonukia chai. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo ni kwaya."

Yule dada akacheka, kisha akafikiri. "Ndiyo Mwalimu. Ni kwaya."

Tangu siku hiyo hatukupumua. Laisini ilikuwa besi, kwa sababu ndiyo inayobeba mwili. Methionini ilikuwa soprano, kwa sababu ikikosekana kila mtu anajua: manyoya yanakuwa mabaya na yai linakuwa dogo. Treonini ilikuwa teno. Isoleusini, valini na wengine ambao majina yao sikuyashika, hao aliwaita alto. Nikamuuliza kwa nini alto ndio waliosalia kwenye fungu la mwisho. Akasema, "Kwa sababu alto hawasikiki mpaka siku wasipokuja." Nilijaribu kuona kama ni sifa au tusi, nikashindwa.

Mfugaji akija dukani na kujigamba kwamba anawapa ndege wake protini nyingi kupita wote, Mwalimu akiwepo, mimi nilijua hiyo siku nauza kidogo. Alimgeukia taratibu. "Nyingi ya nani?" Yule akibabaika, anaendelea: "Una besi arobaini na soprano mmoja. Utawaambia waimbe nini?" Mtu wa watu alikuja kununua pumba tu, masikini, akaondoka amesomeshwa. Afisa mifugo yule alimpenda sana. Alikuwa akimwita kwenye semina nyingine ili awaeleze wafugaji kwa kwaya, na Mwalimu alikwenda amevaa tai.

Ukifika kwake, ulimkuta uani anakaanga soya. Soya mbichi inamzuia ndege asinufaike na protini, lazima ipate moto, lakini ukizidisha unaiunguza laisini. Alitumia chungu ambacho Mama alikuwa akikaangia kahawa, na alitafuna punje moja moja mpaka aridhike. Dagaa aliwaosha kwanza, maana dagaa wa siku hizi nusu ni mchanga, na paka wa kitongoji kizima walikaa ukutani wakimsubiri akosee. Koti lake la kanisani lilinuka dagaa. Wazee wenzake wa usharika waliacha nafasi kwenye benchi na hakuna aliyethubutu kusema kwa nini.

Yeye mwenyewe alikula kiburu, zile ndizi za kupikwa na maharage, mchana na jioni, na hakula kware wala yai la kware hata akilazimishwa. Aliwahesabia ndege asidi zao kama daktari, na daktari alipomwambia yeye aongeze nyama, akasema atafikiria. Kwenye kwaya hakuvumilia nusu ya nusu ya sauti kushuka. Madume yake yalilia kila moja na ufunguo wake, saa yoyote, bila mpangilio, naye alipita katikati yao akitabasamu. Mwanangu Neema alipozaliwa dhaifu, Mwalimu alinishushia trei ya mayai kila alipokuja mjini. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliinama, akatazama mikono yake ilivyo, akasema "Inajaa," akaenda zake.

Sasa niseme habari ya damu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Damu iliyochemshwa na kukaushwa ina laisini nyingi mno. Mwalimu alikuwa akipata kidogo kidogo kwa mwenye bucha, anaianika juu ya mabati, anaisaga, anachanganya kwa kiasi. Lakini Desemba bucha hazina damu ya kutoa. Mnajua wenyewe Desemba ya Kilimanjaro. Wote walioko Dar, Arusha na Mwanza wamerudi, kila boma lina mbuzi, na damu ya mbuzi ni ya kisusio, ile supu yetu ya damu. Utamwambia Mchaga aliyesafiri siku nzima kuja kunywa supu ya nyumbani kwamba damu imekwenda kwa kware?

Mwalimu aliwaambia. Alikwenda kwenye mbuzi wa jirani yake na sufuria yake kwapani. Mgao ulipoanza, kidari kwa huyu, mguu kwa yule, akasimama mbele ya watu.

"Mgao wangu chukueni. Mimi nipeni damu."

Kule kwetu kila mtu anajua kipande chake kwenye mbuzi, na kukikataa hadharani ni kama kusema hamna undugu. Mwenye boma akamwambia, "Mwalimu, tukunyime nyama yako ili utunyime kisusio chetu?" Alipewa damu kwa heshima ya nywele zake ambazo hazikuwepo, lakini walinuna mpaka Pasaka. Maneno yakaanza. Mzee wa kanisa anataka damu ya nini? Wengine walisema mambo ambayo siyarudii.

Nilichoka nayo. Nikapanda Masama Jumapili moja, nikawaambia akina mama wa kwaya baada ya ibada, mmoja mmoja, kwamba damu ile inakwenda kwenye sauti anayoisikiliza Mama Mwalimu kibarazani. Walikuwa hawajui. Mwalimu hakuwa mtu wa kueleza mambo yake. Kuna mmoja alilia palepale na kitambaa chake cha kwaya shingoni.

Desemba iliyofuata hakwenda na sufuria popote. Damu ilimfuata. Kila boma lililochinja lilituma ndoo: "Hii ya Mama Mwalimu." Familia nzima zilikunywa supu nyeupe mwaka ule, wakwe wa Dar wakashukuru maana hawakuwa wanakiweza kisusio. Mwalimu alichemsha, akaanika, akasaga, mabati yake yote yakawa meusi. Magunia yakajaa stoo.

Januari hakuja dukani. Februari hakuja. Nilidhani amepata duka jingine, nikamnunia kimoyomoyo, nikapanga na maneno ya kumwambia. Alipokuja, mvua za masika zilikuwa zinaanza. Aliingia, akakaa kwenye gunia, hakunusa kitu. Maneno yangu yote yakapotea.

"Mwanangu," akasema, "nimejaza besi kanisa zima."

Akanieleza. Dagaa aliacha kununua. Soya alipunguza. Unga wa ndoo aliuacha kabisa. Aliwapa damu, na damu, na damu. Mayai yakaanza kuwa madogo, kisha machache. Aliyoyaweka kwenye mashine hayakuanguliwa, na vifaranga wawili watatu waliotoka hawakusimama. Akamwita afisa mifugo. Yule dada akashika chakula mkononi, akauliza, "Mwalimu, damu hii ni kiasi gani?" Akamjibu. Dada akamwambia kwa upole kwamba damu ina laisini tele, lakini isoleusini karibu haina.

"Alto," nikasema.

"Alto hakuna hata mmoja. Mimi ndiye niliyewafundisha watu jambo hilo kwenye semina, nimevaa tai."

Nilimuuliza kwa nini, yeye mwenye kupima kwa gramu. Alizungusha kofia mikononi. "Damu ya watu waliojinyima kisusio wakakuletea mlangoni, utaimwaga wapi? Nilitaka ndege waimalize yote. Nilitaka nikiulizwa niseme imeliwa yote."

Nilijua na mimi ningefanya hivyohivyo, na mtu yeyote wa kule juu angefanya hivyohivyo. Nikampimia soya, dagaa na methionini. Aliinusa safari hii, akatikisa kichwa kwamba inafaa. Majike wachache walikuwa bado wanataga, alisema, lakini madume yamezeeka yakafa moja baada ya jingine, limebaki moja. Afisa alimshauri awalishe vizuri kwanza majuma kadhaa, ndipo akusanye mayai ya kuangua. Kila kitu kilikuwa juu ya dume lile moja. Likifa kabla, mayai yote yatakuwa ya kukaanga tu.

"Na Mama?" nikauliza.

"Anasikiliza lile moja."

Nilimpigia simu mara kwa mara baada ya hapo. Dume lipo. Mayai yamekuwa makubwa. Yameingia kwenye mashine. Dume bado lipo, lakini halipandi tena kwenye kichuguu chake cha mchanga. Kisha siku moja akasema vifaranga wametoka, wengi, wanakimbia kama mchwa, nilete chakula cha kuanzia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Sikukumbuka kuuliza habari ya dume.

Nilipanda na gunia langu siku ya pili. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikanishusha barabarani kwa sababu ya tope, nikaingia kwa miguu kwenye njia ya migombani. Kabla sijaiona nyumba nikasikia *ko-krriii*. Nikafurahi kweli. Nikasema moyoni, kazee hako kagumu.

Nilipita nyuma kwanza ili nishushe gunia bandani. Vifaranga walikuwa kwenye boksi chini ya taa, wamejaa, wazima. Kizimba cha dume kilikuwa wazi na kitupu. Na nyuma ya kizimba, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, koti la Jumapili mwilini, alichuchumaa Mwalimu wangu wa kwaya ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiimba. Alivuta pumzi. *Ko-krriii.*

Aliponiona hakusimama.

"Usicheke."

"Sicheki, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Lilikufa Jumanne." Alinong'ona. "Hawa wadogo hawatalia mpaka baada ya mwezi na nusu hivi. Mwezi na nusu ni mwingi. Jumatano Mama alikaa pale kibarazani tangu asubuhi akisubiri, akaanza kuangalia huku na huku. Sikuweza."

"Na amejua?"

"Hajajua. Nenda ukakae naye, uniambie kama inasikika vizuri."

Nikazunguka mbele. Mama Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, kitenge magotini. Nikamsalimia, nikashika mkono wake mzima, wa kushoto, akanibana vidole. Amekonda, lakini macho ni yale yale yaliyokuwa yakituhesabia pumzi kwenye safu ya alto. Tukakaa tukitazama matone yakidondoka kwenye majani ya migomba.

Huko nyuma dume likalia. *Ko-krrii.* Lilikuwa limechoka kidogo, mwisho wake ukashuka badala ya kupanda.

Tabasamu lilikuja, lile la nusu mdomo. Lakini halikuishia hapo. Mama alitoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole, akanyoosha kidole cha shahada kuelekea paa la kibaraza, akakiacha hapo.

Mwalimu alikuwa amechungulia kwenye kona ya nyumba kuona kama imekubalika. Alikiona kile kidole. Alisimama kwenye tope bila kofia, akamtazama mkewe, naye mkewe hakukishusha. Nilitaka kucheka na kulia vyote viwili, nikauma ukingo wa kitenge changu.

Basi Mwalimu akakohoa kusafisha koo, akarudi nyuma ya banda, na safari hii akaanzia juu kidogo.